Msafiri wa Nyotani Alivyoiharibu Posa ya Mdogo Wangu

Aibu ni yangu, siikatai, lakini hasira yangu yote ni kwa yule aliyetunga kitabu. Karani wa reli aliyepanga chumba kwetu mtaa wa Ng'ambo alihamishwa, akaniachia riwaya tatu za Kiingereza za mambo ya miaka ijayo, nami (niliyeacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikashika cherehani kulea wadogo zangu) nilizisoma polepole huku nachemka. Katika ya kwanza watu wanakula vidonge, hakuna anayelima. Katika ya pili mashine ndiyo inayolea watoto, na mwandishi anaisifu. Ya tatu ndiyo iliyoniponza: kijana anawaacha wadogo zake yatima, anapanda chombo cha chuma kwenda nyotani, na mji mzima unampigia makofi.

Siku wageni wa posa walipokuja kutoka Ipole kwa ajili ya mdogo wangu Kabula, nilijiambia nisome ukurasa mmoja tu kabla hawajafika. Wakanikuta na kitabu hicho cha tatu mkononi, hata shikamoo nikaisahau. Babu wa yule kijana mposaji akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hicho kinasema nini?" Badala ya kukiweka chini na kuwakaribisha chakula, nikaanza kusimulia, hasira ikanipanda mpaka nikasimama, nikasema mwanamume anayeacha watu wake akaenda mbali kutafuta sifa ni mhuni, hafai kupewa hata kuku amtunze.

Kijana akatazama miguu yake. (Kumbe mimi peke yangu nilikuwa sijui kwamba baada ya harusi anakwenda Tanga kukata mkonge.)

"Mimi nilibeba pembe za ndovu hadi pwani," mzee akasema, "baba yake huyu nikamwacha tumboni. Basi nami mhuni?"

Wakachukua jembe walilokuja nalo kuposea, wakaondoka.

"Kaka," Kabula akaniambia akilia, "mimi nilijua anakwenda. Nilikubali kumngoja."

Nikafunga safari hadi Ipole na mbuzi wa kuombea radhi. Mzee hakumtazama mbuzi.

"Yule wa nyotani, alirudi?"

"Hakurudi, babu. Hata salamu hakutuma."

Akacheka. "Sisi tulirudi. Usituchanganye na huyo."

Wakarudi na jembe lao, posa ikapokelewa. Tangu hapo, siku ya wageni vitabu navifungia sandukuni. Lakini mwandishi yule simsamehe: kitabu kinene namna ile, na hakuna hata mstari mmoja unaosema wale wadogo walikula nini.