Neno Nililolifuta Kwenye Kibao

Nichekeni, nimestahili. Mimi ni seremala hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mwaka huu niliapa kwamba kila neno kwenye kibao changu litaleta mteja au litaondoka. Yalikuwa manne: vitanda, milango, meza, majeneza. Mteja akitaja kitu, nilichora mstari wa chaki ukutani chini ya neno lake. Baada ya miezi mitatu, majeneza hayakuwa na hata mstari mmoja. Nikachukua rangi, nikalifuta neno hilo, nikaandika stuli. Nilijiona mtaalamu.

Juma lililopita balozi wetu wa nyumba kumi alifiwa na mama yake. Jeneza akalichukua kwa fundi wa mjini. Pale kaburini akaniuliza, watu wakisikia:

"Fundi, mbona umeacha kutusitiri?"

"Mzee, hakuna aliyetaja jeneza pale kwangu."

"Mfiwa huwa anataja? Si anakaa tu kwenye benchi lako, nawe unachukua futi unamfuata nyumbani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole niliowafuata hivyo miezi ile mitatu. Mkono mmoja haukutosha, na waombolezaji wote walikuwa wanautazama wa pili.