Pikipiki Niliyoijaribu Ikiwa Juu ya Stendi

Kaa hapa kidogo, wewe unayetaka kununua pikipiki yako ya kwanza, nikusimulie aibu iliyonipata pale mjini Mpemba, huenda ikakusaidia. Mimi ni mwalimu kule Isongole, naishi peke yangu, na Jumamosi wenzangu wakishaondoka kwenda makwao nyumba inanyamaza hadi nasikia redio ya jirani wa tatu. Nikasema nikipata pikipiki nitakuwa namwona mama kule Mbozi kila wiki.

Kuendesha nilishajifunza, kwa pikipiki fupi ya mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Tunduma. Alijitolea kunisindikiza dukani huko Tunduma, nikakataa, sikutaka aone kwamba sijui kuchagua. Kosa lilianzia hapo. Nikapanda moja ndefu, ya milimani, ikiwa juu ya stendi ya kati, imetulia kama kitanda, na muuzaji akasema, "Mwalimu, umependeza." (Unajua ni lini niliambiwa hivyo mara ya mwisho? Hata mimi sijui.) Nikalipa.

Iliposhushwa, chini nikafikisha vidole tu, tena vya mguu mmoja. Nikaona haya kuirudisha, nikaondoka, kila nikisimama natafuta ukingo wa barabara nikanyage. Nilipofika Mpemba, pa kukunja kulia kwenda Isongole, niko katikati ya barabara, ukingo hakuna, na kulia kwangu foleni ya malori ya mpakani imeganda, basi nikaegemea lori kwa mkono, nikajiona mjanja. Foleni ikasogea. Ukuta wangu ukaondoka, nami nikalala taratibu na pikipiki juu ya mguu, mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda, wakacheka hadi mmoja akakaa chini.

Dereva wa lori la nyuma, Mzambia mtu mzima, alishuka akaniinua. "Bamayo," yaani mama, akaniita kwa heshima ya kwao, "hii ni ya mume wako?"

"Ni yangu."

"Sasa mtu wako wa kukushikia yuko wapi?"

Swali hilo liliniuma kuliko goti. Nikampigia yule mwalimu mwenzangu simu niliyopaswa kuipiga asubuhi. Alikuja, hakucheka (alicheka baadaye, sana), tukarudi dukani tukabembeleza hadi wakanibadilishia fupi. Jumamosi iliyofuata mama aliizunguka mara mbili, akasema imenikaa.

Kwa hiyo usiende peke yako. Na kabla hujalipa, ishushe kutoka kwenye stendi, ikalie, ukanyage chini kwa nyayo zote mbili.