Nyota Moja Kutoka Foleni

Kazi yangu ni kutengeneza simu, hapa Tunduma, katika kibanda chenye meza moja na dirisha linalotazama barabara ya malori. Gemu yangu ya simu niliianza kama mchezo wa kupoteza muda wateja wasipokuja. Nilijifunza kwa kutazama video, nikakosea, nikafuta, nikaanza upya, na baada ya miaka miwili nikawa na kitu kinachocheza kwenye simu ya bei ya chini bila kukwama. Nilikiita Foleni. Wewe ni dereva wa lori, unasubiri kuvuka mpaka, na kazi yako ni kufika getini ukiwa na mzigo mzima, mafuta ya kutosha na akili timamu.

Walioipenda kuliko wote walikuwa madereva wenyewe. Mtu amekaa siku tano kwenye foleni ya kweli, anatoa simu, anacheza foleni ya uongo. Mke wangu alicheka sana alipolisikia hilo. Mimi sikucheka, nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nikipita barabarani na kumwona mtu juu kwenye kebini, kichwa chini, kidole gumba kinakimbia, nikajua ni kazi ya mikono yangu ile. Furaha hiyo sijaipata kwenye simu yoyote niliyowahi kuifufua.

Tatizo lilianza pale wachache waliposema gemu imepooza. Nami ni mtu ninayechokozeka upesi. Nikatoa toleo jipya lenye kanuni mpya: dereva wa mbele yako akisinzia au akishuka kwenda kula, unaruhusiwa kumpita, na kila unayempita unapata pointi kumi. Niliona nimewachangamshia mambo. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nilikuta tathmini za nyota moja zimejaa kama kumbikumbi. Kwenye grupu la wachezaji matusi yalikuwa yanashuka kwa kasi ambayo simu yangu haikuweza kuyafuata. Niliitwa mwizi, nikaitwa mtoto wa mjini asiyejua kazi za watu. Mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliandika kwa Kibemba, maneno marefu, nikampelekea shangazi yangu aliyeolewa Nakonde, huko huko ng'ambo, anitafsirie. Shangazi alikataa. Aliniuliza tu nimemkosea nani.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mimi mwenyewe niliyekulia kando ya barabara ile sikuwa nimelifikiria. Madereva kwenye foleni wana desturi yao. Mtu akishuka kwenda kula, kufua au kutafuta dawa, anamwachia ufunguo wa gari jirani yake wa nyuma. Foleni ikisogea, jirani anapanda lori la mwenzake, analisogeza, anashuka, anarudi kusogeza la kwake. Hakuna anayempita aliyeshuka. Kumpita aliyeshuka ni kama kula chakula cha mtu aliyekwenda kunawa mikono. Na mimi nilikuwa nimewapa watu pointi kwa jambo hilo.

Lakini siku ile sikuyaona hayo. Niliona matusi tu. Kulikuwa na mmoja, picha yake ya jogoo, huyo ndiye aliyenimaliza. Alinitukana, nikanyamaza. Akamtukana mama yangu, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama yangu yuko Isansa, analima kahawa na mahindi, hajui hata gemu ni nini. Damu ikanipanda kichwani. Nikaandika mbele ya grupu zima, watu zaidi ya mia: "Nyie madereva mnanuka. Siku sita hamjagusa maji, mnanuka mpaka kwenye simu. Ogeni kwanza ndipo mje kunifundisha kazi." Nikabonyeza kutuma, nikasikia raha kweli. Raha yenyewe ilidumu kama dakika mbili.

Jogoo alijibu kwa kifupi. Yuko Tunduma, kwenye foleni, upande wa kuelekea Mpemba, karibu na kituo cha mafuta. Lori la turubai la bluu lenye kiraka cha njano. Kama mimi ni mwanamume, niende.

Kesho yake nilimwambia mke wangu nikirudi naifuta gemu yote, miaka miwili yote, basi, lakini kwanza nataka nimwone huyo mtu usoni. Akaniuliza, "Unakwenda kupigana na mtu mzima kwa ajili ya gemu?" Nikasema nakwenda kuongea. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba, maana huwezi kupigana ukiwa na ndala. Akatikisa kichwa akaendelea kuchambua maharage.

Bodaboda ilinishusha kituo cha mafuta saa nne asubuhi. Lori nililiona mara moja, kiraka cha njano kikubwa kama mkeka. Nikagonga mlango wa kebini kwa ngumi. Kimya. Nikagonga tena.

"Hayupo huyo," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa dereva wa lori la nyuma, mzee mwenye ndevu nyeupe, amechuchumaa kivulini anasonga ugali kwenye jiko la mkaa. "Amekwenda kuoga. Una shida naye?"

"Kubwa," nikasema.

"Basi kaa. Shida kubwa haikimbii."

Sikukaa. Nilisimama mbele ya lori lile, mikono kiunoni, nikipanga maneno yangu. Ndipo injini za mbele zikaanza kunguruma. Foleni ilikuwa inasogea. Lori lililokuwa mbele ya turubai la bluu likaondoka, likaacha nafasi ya kutosha malori mawili, na mzee bado ana mwiko mkononi.

"Simama hapo hapo!" akanipigia kelele huku akiipua sufuria. "Simama katikati, asichomekee mtu! Natafuta ufunguo!"

Nikasimama. Sijui kwa nini nilitii, labda kwa sababu alikuwa mzee na aliniambia kama anayeniamini. Kutoka pembeni lori jekundu likaanza kuingiza pua yake kwenye nafasi ile, taratibu, kama vile halinioni. Nikanyoosha mikono yote miwili. Likazidi kusogea. Bampa lilikuwa limebakiza hatua mbili kufika kifuani mwangu nilipopaza sauti ambayo sikujua ninayo:

"Kuna mtu hapa! Mwenye nafasi amekwenda kuoga! We huna utu? Mtu akienda kuoga ndiyo unampita?"

Lori jekundu lilisimama. Dereva wake akanitazama, akatazama pembeni kwa aibu, akarudi nyuma. Mzee akawa ameshapanda, akalisogeza lile la bluu, akashuka mbio kusogeza la kwake. Nami nilibaki barabarani, nikisikia maneno yangu mwenyewe masikioni. Hapo ndipo nilipoielewa gemu yangu, na ndipo nilipojua sitaifuta. Kanuni ile niliiondoa wiki hiyo hiyo.

Jogoo alikuja baada ya muda mfupi, taulo begani, kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimetegemea jitu. Alikuwa mwembamba, wa umri wa kaka yangu mkubwa, ana uso wa mtu anayeimba kwaya. Mzee akamwambia, "Mshukuru huyu. Nusura uchomekewe. Amesimama mbele ya gari kwa ajili yako."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, bado ya baridi kwa maji. "Asante sana, mdogo wangu. Mungu akubariki. Tunafahamiana?"

Ningeweza kusema hapana nikaondoka zangu. Nikasema, "Mimi ndiye mwenye gemu."

Hakuniachia mkono. Aliuangalia tu, kama anafikiria aufanye nini. Mzee alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kwani kumbe naye anacheza, na naye alikuwa amenipa nyota moja. Lakini yule mwembamba hakucheka.

"Mama yako yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko hai. Yuko Isansa."

"Mpigie."

"Hajui kitu, kaka. Tuyaache."

"Mimi nimemtukana mama wa mtu. Siwezi kuvuka mpaka na hilo kwenye gari. Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Mama alipokea kwa Kinyiha akidhani niko peke yangu, nikamwambia kuna mtu anataka kuongea naye. Dereva akaisogelea simu, akainama kama vile mama amesimama pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni dereva, mama. Nilikosana na mwanao kwenye simu, nikakutukana wewe. Naomba unisamehe."

Nilisikia kuku wa mama nyuma. "Ulinitukana nini?"

"Mama, hayasemeki."

"Kuandika uliweza?"

"Niliweza, mama."

"Haya. Nimekusamehe. Safari yako iwe njema." Halafu akaniita mimi, kwa lile jina langu la utotoni. "Na wewe ulimjibu nini?"

Mzee aliacha kucheka. Nilifikiria kudanganya, na nafikiri mama alijua ninafikiria hivyo, maana alisubiri. Nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba niliwaambia madereva wananuka. Kwamba waende wakaoge.

Dereva ndiye aliyesema, taratibu, bila hasira, akiikunja taulo yake ndogo ndogo.

"Tusi lingine lolote ningelicheka, mdogo wangu. Hilo halikunichekesha. Nilinusa shati langu nikaona ni kweli. Toka jana hii ni mara ya tatu nakwenda kuoga."