Kaka Yangu Aliyeitwa Strabo

Kaka yangu alizaliwa na makengeza ya jicho la kushoto. Nyumbani kwetu Kanja hakuna aliyeyataja. Alikuwa kifungua mimba, akapewa jina la babu mzaa baba, na kwa sababu hiyo nyanya alimwita "mume wangu" na kumwekea kiazi kikubwa kuliko vyetu.

Alipofika darasa la saba akaja mwalimu wa historia aliyekuwa ameacha seminari. Huyo alibaki na Kilatini kidogo na hakujua akipeleke wapi. Siku moja akawafundisha kwamba majina mengi ya koo za Warumi yalianza kama utani juu ya mwili wa mtu. Mwenye kipara walimwita Kalvo. Mwenye pua kubwa, Naso. Mwenye matege, Varo. Kisha akamwelekezea kaka chaki.

"Na huyu wangemwita Strabo. Yaani mwenye makengeza."

Mimi nilikuwa darasa la tano. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshalisikia uwanjani, na kufikia jioni lilikuwa limegeuka Sitirabo.

Alipomaliza shule alikwenda mbali, Kangeta, kufanya biashara ya miraa. Alidhani amelikimbia. Mtu wa kwetu akamwona sokoni, akampigia kelele kwa jina hilo mbele ya wanunuzi, basi, likahamia huko pia. Nyanya alipofariki hakubaki mtu wa kumwita mume.

Biashara ilipomkubali akaenda hospitali, akafanyiwa upasuaji. Jicho likanyooka. Nakumbuka furaha yake, mtu mzima akijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Akarudi sokoni, akavua miwani myeusi aliyotoka nayo hospitali. Wenzake wakamzunguka, wakampa mikono.

"Aisee, Sitirabo, umependeza!"

Wiki hiyo alinipigia simu, tukaenda Kibugu kwa yule mwalimu, ambaye sasa amestaafu na analima chai. Tulimkuta akitoka kupeleka majani. Alitukaribisha vizuri, akaagiza tuletewe uji.

"Mwalimu, mimi ndiye uliyeniita Strabo," kaka alisema.

Mwalimu alimsogelea, akamtazama usoni.

"Nimefundisha wengi, kijana wangu. Nikumbushe. Kwa nini Strabo? Macho yako si ni mazuri tu?"

Kaka alinigeukia. Mwalimu nikamweleza mimi, chaki, kicheko na yote. Nilingoja aone haya. Badala yake uso wake ulichangamka.

"Kumbe limedumu! Hata Roma ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja ana kengeza, wajukuu wote wanaitwa Strabo na macho yao yamenyooka. Yalikuwa majina ya watu wakubwa, msione vibaya."

"Mimi nina jina," kaka alisema. "La babu yangu."

"Ni sawa. Na hilo pia ni lako."

Kaka aliweka kikombe chini bila kuonja. Tukaondoka. Nilimchukia yule mzee kwa uji wake na ukarimu wake. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

Mwaka jana binti mkubwa wa kaka aliolewa. Kanisa lilijaa watu wa Kangeta na wa kwetu. Mchungaji, ambaye si mtu wa huku, aliuliza familia jina la baba wa bibi harusi, na shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyemjibu. Nilimsikia. Hakuwa anatania, ndilo analolijua.

"Sasa namwita mzee Sitirabo aje amkabidhi binti yake," mchungaji akasema.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hata mzaha wenyewe ulikuwa umekufa. Kaka alifunga kifungo cha koti, akamshika binti yake mkono, akaenda mbele. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na magari mpaka wimbo ulipoisha.