Mfereji wa Ghorofa ya Nne

Maji yakipotea, jirani yangu wa ghorofa ya nne hapa mtaani Tassia, mbali na pwani, huacha mfereji wazi kama sisi sote, asikie yakirudi. Ila yeye huutegea sikio, midomo ikichezacheza kama anayejibu. Amesumbuka sana kuchagua atakachosomea shahada ya uzamili: usimamizi wa mito na visima, au wa bahari. Jana nilimkuta ameuziba mfereji kwa viganja vyote viwili.

"Umeamua?" nikamuuliza.

"Bahari."

"Basi utahamia Mombasa."

Akanionyesha kwa kidevu ndoo iliyokuwa chini ya mfereji. Wiki nzima halikuwa limeingia tone, lakini humo ndani kaa mdogo wa pwani alikuwa akikwaruza plastiki.

"Si lazima, jirani," akanong'ona. "Inakuja yenyewe."