Jina la Baba Mkwe

Kwanza nilisikia kikohozi. Kilitoka nyuma ya nyumba, kikavu, kimoja tu, kama mtu anayegonga ubao kwa kidole. Wanawake waliokuwa wamenizunguka uani wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Nikabaki peke yangu na begi mkononi, nikitabasamu, nikingoja kuona ni nani anayekohoa hivyo. Ndivyo nilivyokutana na baba mkwe wangu, kwa kosa. Kumbe binti mkwe akisikia kikohozi kile anatakiwa apishe njia.

Lakini nianzie Nakuru, maana ninyi wenzangu wa chama chetu cha waandishi, mnaokutana kila Jumamosi nyuma ya duka la vitabu, mmeniuliza kwa barua kitu gani kilinihamisha. Kilichonihamisha ni vipuri. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Tanzania imewaruhusu watu binafsi kununua pamba, na kijana mmoja Msukuma, Shija, akaja Nakuru kutafuta vipuri vya mashine ya kuchambulia. Aliingia dukani kuuliza njia, akanikuta nawasomea mwanzo wa riwaya yangu, ule unaofunguka na mvua na kuendelea na mvua kwa kurasa kumi na moja. Alisimama mlangoni mpaka mwisho. Nyinyi, kama mnakumbuka, wawili mlikuwa mmelala. Mwaka haukuisha tukafunga ndoa kwa mkuu wa wilaya, nami nikafungasha.

Sirari, saa nne asubuhi. Askari wa mpakani aliipindua pasi yangu, akapindua na cheti cha ndoa, akanitazama.

"Umeolewa wapi, dada?"

"Bariadi."

"Huko kuna ng'ombe wengi kuliko watu. Karibu." Akagonga muhuri. "Hizi ni siku tisini. Kabla hazijaisha nenda Shinyanga mkoani, ukaombe hati ya ukaazi kama mke wa raia. Zikiisha huna hati, tutaonana hapa hapa, ila utakuwa unaelekea kule."

Kutoka Bunda ziwa lilikuwa upande wetu wa kulia, linameta na kujificha, linameta na kujificha, mpaka Lamadi tulipoliacha na kukata kushoto. Hapo nchi ilifunguka. Mawe makubwa yalikaa juu ya mawe makubwa bila sababu yoyote, na udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umepasuka kwa kiu. Nilitoa daftari nikaandika kurasa tatu. Shija akalala begani pangu.

Bariadi, alasiri. Baada ya kikohozi kile, na baada ya mzee kupita akitazama pembeni kana kwamba mimi ni jua, wanawake walirudi. "Mwadila, mwadila," wakanisalimu, wakaniketisha kwenye kigoda, wakaniletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nikaona inafaa niseme neno. Nilikuwa nimeliandaa tangu Bunda. Nikasimama nikasema, kwa sauti yangu ya kusomea: "Mama zangu, nimekuja kwenu kama mvua ya kwanza!"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Wifi yangu Minza, dada yake Shija, akanivuta nikaketi.

"Mayu wee! Umemtaja mzee!"

Jina la mzee nitaliandika hapa mara moja tu, kwa kuwa karatasi haina masikio: ni Mabula. Alizaliwa inanyesha, na kwa Kisukuma mvua ni mbula. Mke wa mtoto wake halitamki jina hilo, wala neno linalofanana nalo.

"Lakini sikusema mbula," nikajitetea. "Nimesema mvua."

"Kwani zinanyesha mbalimbali?" akauliza Minza.

"Sasa nyinyi mnasemaje?"

"Tunasema ya juu. Ya juu yanakuja, anua nguo. Ya juu yamechelewa, mahindi yatakufa. Utazoea."

Wenzangu, nifikirieni. Yalipokuja kweli mwezi wa kumi na moja, yakishuka usiku kucha juu ya bati kwa mapenzi ambayo sijapata kuyasikia, niliandika sura nzima bila lile neno. Minza alisoma mahali nilipoandika "mbingu zikajikamua", akaniuliza kama zilikuwa zinaumwa.

Mzee mwenyewe hakunisemesha hata siku moja. Alikuwa anakohoa, napisha. Akitaka kunitaja, alisema "yule wa Shija". Nilihesabu kwamba hanipendi, kwamba moyoni mwake alitaka binti wa Maswa anayejua kukamua ng'ombe, na zaidi ya mara moja nilimwambia Shija hivyo. "Anakuheshimu," Shija alijibu, na jibu hilo lilinitia uchungu zaidi.

Zilipobaki siku nne katika zile tisini, Shija akaangushwa na malaria. Ofisi ya mkoa ilikuwa imetuandikia nifike na mume wangu, au na mzee wa familia mwenye barua ya mtendaji wa kata. Nikasikia sauti ikipita nyuma ya ukuta wa chumba: "Shija, mwambie yule wako ajiandae. Nitakwenda naye mimi."

Tukaondoka alfajiri, mzee kiti cha mbele cha basi, mimi cha nyuma kabisa. Alibeba bahasha yenye cheti changu cha ndoa na barua zote, pamoja na tenga lenye jogoo mwekundu wa kumpelekea dada yake Shinyanga. Mimi nilibeba wasiwasi.

Nyalikungu, saa tano. Pancha. Tuliteremshwa mbele ya mgahawa, nikaketi kwenye benchi la nje. Mzee akaja akaketi benchi hilo hilo, akinigeuzia mgongo, tenga likawa katikati yetu.

"Jogoo," ikasema sauti nyuma yangu, "hapa pana chai na maandazi. Mwenye njaa asione haya."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu mwingine, ila kichwa cha jogoo kilichochomoza kwenye tenga. Ikanichukua muda kuelewa kwamba nimesemeshwa.

"Jogoo," nikasema, nikiliinamia tenga, "sema nashukuru. Nitakunywa chai."

"Jogoo, muulize sukari vijiko vingapi."

"Jogoo, sema viwili."

Mama muuza chai akasimama na birika mkononi. "Mzee, huyu jogoo wako amesomea wapi?"

"Nakuru," akajibu mzee.

Tulikuwa bado tunakunywa nilipoona wingu limeinama upande wa Sola, jeusi, likija mbio. Bahasha ilikuwa wazi juu ya benchi. Neno likanijia mdomoni, nikalimeza. "Jogoo!" nikapiga kelele. "Ya juu! Ya juu yanakuja! Bahasha!"

Abiria wote wakatazama juu ya paa la mgahawa. Mzee peke yake ndiye aliyeelewa. Akaitumbukiza bahasha ndani ya koti, akacheka, na kicheko chake kilifanana kabisa na kikohozi chake.

Shinyanga, saa nane. Mlinzi wa ofisi alisema kuku haingii, tukamwacha jogoo kibarazani. Ofisa alikuwa amehamishwa juzi kutoka pwani, Kiswahili chake laini, shati lake laini. Alinionyesha kiti. Mzee alichukua kiti kingine, akakigeuza, akaketi akitazama kabati la mafaili. Mimi nami nikageuka kidogo upande wa pili, kama inavyopasa.

Ofisa akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Mama, huyu mzee unamfahamu?"

"Ni mkwe wangu."

"Mbona humtazami?"

"Namheshimu."

"Mbona hamsemeshani?"

"Tunasemeshana. Kwa njia ya jogoo."

Akaweka kalamu chini. "Jogoo yuko wapi?"

"Kwa mlinzi."

"Dada yangu, hapa wamewahi kuja watu na waume wa kukodi. Mkwe wa kukodi ndiyo kwanza namwona." Akaifunika fomu kwa kiganja. "Jina la mumeo?"

"Shija."

"Shija nani?"

Nikaonyesha kwa kidole ile fomu chini ya kiganja chake.

"Basi tufanye rahisi. Huyu mzee anaitwa nani?"

"Ni... lile linalotoka juu."

Ofisa akatazama dari. Mzee akageuza shingo: "Bwana mkubwa, mimi naitwa..."

"Mzee, sijakuuliza wewe."

"Ni mila ya kwetu," nikasema.

"Kila anayeshindwa swali ana mila."

"Nitaliandika."

"Limeandikwa, liko hapa chini ya mkono wangu. Nataka kulisikia." Akafungua kisanduku cha wino, akaugusisha muhuri humo, akaushika juu ya fomu yangu. "Nikilisikia nagonga, unarudi kwa mumeo. Nisipolisikia, keshokutwa unavuka Sirari."

Wakati huo huo likaanza kupiga bati. Jina lenyewe, wenzangu, likatunyeshea juu ya vichwa, likagonga madirisha, likajaza chumba kizima, na mimi niliyelipamba kwa kurasa kumi na moja nimekaa siwezi kulitamka. Herufi sita tu. Shija yuko kitandani anatetemeka, ananingoja. Lakini hatua mbili nyuma yangu alikuwa mtu aliyeniuliza sukari vijiko vingapi, na nilijua atasikia. Nikafumbua mdomo. Nikaufumba.

Kiti kikakwaruza sakafu. Nikasikia kikohozi, kimoja, kikavu, na kwa mazoea nikasimama nipishe njia.

"Wewe kabati," akasema mzee, akivaa kofia yake taratibu, "mwambie mwanangu natoka kidogo, nikamwangalie jogoo asilowe. Nitakaa huko huko mpaka amalize."

Akatoka, akaufunga mlango.