Mke wa Kibao

Mchumba wangu alifia Louisville, kwa ajali ya gari akirudi kutoka kwenye ghala alikofanya kazi, wiki chache kabla ya harusi yetu. Mama yake hakuacha kuniita mkwe. Kule Columbus nilikokuwa nikiishi, mtaa wa Linden, akina mama wa kanisani wakanipa pole ya mjane. Mjane wa nani, jamani? Hata shela sikuvaa. Nikachoka, nikahamia Buffalo, nikapata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kichina karibu na Grant Street.

Bibi alikuwa na ulimi mkali na kumbukumbu kali zaidi. Siku moja ya theluji, nikimkata kucha, simu yangu ililia na jina la marehemu likatokea kwenye kioo. Nilijua ni mama yake anayeitumia simu ile, lakini kila mara mwili ulinisisimka. Alitaka nikiisha kuja kuondoa matanga nibaki kwake moja kwa moja. Bibi akauliza kuna nini, nikamweleza.

Ndipo akanisimulia habari za shangazi yake. Mchumba wa shangazi alikufa, na babu, baba yake shangazi, akaamua ndoa iendelee: binti ataolewa na kibao cha mbao kilichoandikwa jina la marehemu. Enzi hizo vijana wa China waligombania jarida moja lililotoka Shanghai. Liliwaambia wasitii jambo kwa sababu tu ni la kale, waamini sayansi, wawaache wanawake wajiamulie. Tena liliachana na Kichina cha kale cha wasomi, likaandika kama watu wanavyozungumza. Baba yake bibi, kaka wa huyo binti, alipoisoma kwa sauti sebuleni makala moja ya jarida hilo, ya kupinga kumfungia aliye hai kwa ajili ya maiti, hata mpishi alielewa.

"Babu alisikiliza mpaka mwisho," bibi akasema. "Akasifu maandishi. Kesho yake akampeleka shangazi kwa wakwe."

Miaka ikapita. Vitabu vya shule vikaandikwa kwa lugha ile ya jarida, wasichana wakakata nywele na kuingia vyuoni. Kaka akaenda kumchukua dada yake, na dada akakataa. Nani atampakulia mume wangu, aliuliza. Bibi, akiwa mtoto, alimwona akikichambulia kile kibao miiba ya samaki, akikikaripia kwa kula polepole. Alikuwa na furaha, bibi alisema, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Hata hivyo nilikwenda Louisville kwenye matanga. Wageni walipoondoka, mama wa marehemu akaandaa meza ya watu watatu. Kitanda cha mwanawe kilikuwa kimetandikwa, viatu vyake vimepigwa rangi. Nilikaa. Nikajikuta naisogeza sahani yake, namchagulia nyama yenye mfupa kama alivyopenda, na moyo ukatulia kuliko siku yoyote tangu tumzike. Mama akanitazama, akatabasamu. Niliogopa, tena sana, na aliyeniogopesha hakuwa yeye, nilikuwa mimi mwenyewe.

"Mama, amekufa," nikasema. "Siwezi kubaki."

Alifunika sufuria polepole.

"Najua amekufa, mwanangu. Lakini ukiondoka na wewe, mimi nitakuwa mama wa nani?"

Nilivaa koti, nikatoka nikilia.